Wimbo ulipochuja, nilidhani ni mimi niliyechuja

Tulikuwa watatu garini, safari ya saa nne, na mdogo wangu ndiye aliyeshika simu ya kuchagulia nyimbo. Akaupiga ule wimbo. Sitautaja, kwa sababu na wewe una wako, na huo wako ndio tunaouzungumzia. Niseme tu kwamba tulipokuwa tunakua ilikuwa sheria ya nyumba: ule wimbo ukianza, hakuna kuongea mpaka gitaa la solo liishe. Sheria hiyo niliiweka mimi, na niliisimamia kwa makofi.

"Dada, si wimbo wako huu?" akaniuliza, akaongeza sauti.

Nikaitikia kwa kichwa. Solo likaja, likapita. Mimi nilikuwa nawaza kama nilizima jiko.

Kilichonitisha ni ule utupu. Mtu anaweza kuuchukia wimbo na bado ukamchoma. Mimi sikuuchukia, sikuupenda, nilikuwa kama anayelamba kijiko kisicho na kitu. Usiku ule niliweka visikilizio masikioni nikajaribu mwingine, na mwingine, na mwingine. Wiki iliyofuata nikatengeneza orodha ya nyimbo 140, zote za miaka yangu ya ujana, nikaanza kuzipitia moja moja. Kila wimbo niliupa sekunde ishirini. Haunigusi? Ruka. Nilikuwa kama mtu aliyepoteza ufunguo, anayepekua mfuko uleule kwa mara ya sita.

Usifanye hivyo. Kama kuna ushauri mmoja ninaoutoa bila kusita, ni huo. Kuujaribu wimbo kila siku ili kuona kama umerudi ni sawa na kung'oa mbegu kila asubuhi ili kutazama kama imeota.

Ilinichukua muda kutambua kwamba Kiswahili kilikuwa kimeshanipa maneno ya kutenganisha mambo niliyokuwa nayachanganya. Tunasema wimbo umechuja: hapo tatizo liko kwenye wimbo, umetumika mpaka rangi imetoka. Tunasema mtu amekinai: hapo chakula ni kizuri vilevile, ila tumbo limejaa. Na tunasema mtu amekufa ganzi. Hayo ni magonjwa matatu, na dawa ya moja haitibu jingine.

Kuchuja ndiko kwepesi kueleza. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kukutana na kitu mara nyingi kunatosha kutufanya tukipende zaidi, hata kama hakuna aliyetueleza uzuri wake. Kila mtu ameliona hilo: wimbo uliouchukia wiki ya kwanza, wiki ya tatu unauimba ukiwa unaoga. Lakini mwenzake Daniel Berlyne, mwaka 1971, alieleza upande wa pili wa mlima. Mapenzi hupanda pamoja na mazoea, yakafika kileleni, kisha yakaanza kuteremka. Wimbo mwepesi hufika kileleni upesi na kushuka upesi. Wenye mengi ndani yake hupanda polepole. Wazee waliyasema kwa maneno machache zaidi: ngoma ikivuma sana hupasuka.

Mimi nilipasua moja kwa mikono yangu. Nilikuwa na wimbo mtamu ajabu, sauti mbili za kike zikipokezana juu ya gitaa la taratibu, nikaona busara kuufanya alamu ya simu ili niamke kwa furaha. Miaka miwili, kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hadi leo nikiusikia popote, mkono unatafuta simu na miguu inatafuta viatu. Wimbo ule umekufa, na muuaji anajulikana. Kama una wimbo unaoupenda, utoe kwenye alamu leo hii. Kuamka, amka kwa mlio wa kero, hakuna atakayeuomboleza.

Lakini kuchuja hakukutosha kueleza nyimbo 140. Nilikuwa nimekinai, na hilo nililigundua kwa kuhesabu. Nilianza visikilizio nikitoka nyumbani, nikafanya navyo kazi, nikapika navyo, nikalala navyo. Kwa siku ya kawaida zilikuwa saa nane au tisa. Ukiniuliza jioni nimesikiliza nini, nisingeweza kukutajia nyimbo tatu. Zamani muziki ulikuwa mgeni anayepewa kiti. Mimi nilikuwa nimeugeuza pazia. Ulizuia kelele za ofisini, ukazuia watu kuniongelesha, na zaidi ya yote ukanizuia kujisikia mwenyewe.

Hapa nimtaje Charles Darwin, yule mwanasayansi wa mageuzi ya viumbe, ambaye sikutarajia kukutana naye katika jambo hili. Mwaka 1876, akiwa na miaka 67, aliandika kumbukumbu za maisha yake akakiri kwamba alikuwa karibu amepoteza kabisa ladha ya picha na muziki. Huyu ndiye kijana ambaye zamani, akisikiliza kwaya, uti wa mgongo ulikuwa unamsisimka. Uzeeni, anasema, muziki ulimfanya tu awaze kwa nguvu zaidi kazi aliyokuwa nayo mkononi. Akaongeza kwamba angepewa maisha mengine, angejiwekea kanuni ya kusoma ushairi na kusikiliza muziki walau mara moja kwa wiki. Niliposoma hapo kuhusu muziki na kazi, nilifunika ukurasa. Alikuwa ananieleza mimi na visikilizio vyangu.

Basi nikaacha. Nilipanga siku thelathini bila muziki wa kujiwekea mwenyewe. Nilidumu kumi na moja. Sioni aibu. Siku tatu za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko nilivyodhani: nilisikia saa ya ukutani, nikasikia tumbo langu, nikasikia mawazo ambayo nilikuwa nayalaza kwa miezi. Siku ya nne nikajikuta napiga mluzi nikiwa naosha vyombo, kipande cha wimbo ambao hata haukuwa kwenye ile orodha. Siku ya kumi na moja, nikiwa nimekaa nasubiri zamu yangu mahali fulani, mtu aliyekaa pembeni alikuwa na simu inayovuja sauti, na nikasikia besi tu. Besi peke yake, bila waimbaji. Nikainamisha kichwa kumwelekea kama mwizi. Nikajua njaa imerudi.

Kuhusu njaa hiyo kuna jambo lililonisaidia sana. Mwaka 2011, watafiti wa Montreal, Kanada, akiwamo Valorie Salimpoor, waliwapima watu wakisikiliza muziki wanaoupenda hadi vinyweleo kusimama. Waliona kwamba dopamini, ile kemikali ya ubongo inayohusika na raha na kutamani, humwagika mara mbili, tena katika sehemu tofauti za ubongo: wakati wa kilele chenyewe, na muda mfupi kabla, pale msikilizaji anapojua kinakuja. Kwa hiyo sehemu ya utamu imo katika kungoja. Sasa fikiria mtu anayeupa kila wimbo sekunde ishirini. Anangoja nini? Enzi za kanda, kuurudisha wimbo nyuma kulikuwa kazi, mara nyingine kwa kalamu, kwa hiyo ukiuanza unaumaliza. Sisemi turudi kwenye kanda, zilikuwa zinakatika na kumezwa na redio, na nililia zaidi ya mara moja. Nasema nilikuwa nimejifunza kukata kabla ya kungoja, kisha nikashangaa kwa nini hakuna kinachofika.

Siku hizi ninayo kanuni ya Darwin, kidogo nimeiongezea. Usiku mmoja kwa wiki, albamu moja, kwa spika badala ya visikilizio, simu chumba kingine. Nikichoka nazima, lakini siruki. Na huwa najipa kazi ndogo: leo namfuata mpiga besi tu, toka mwanzo hadi mwisho, wiki ijayo namfuata yule mwitikiaji wa nyuma ambaye hakuna anayemjua jina. Utashangaa wimbo uliousikia mara elfu ulikuwa umeficha watu wangapi. Dawa hii ilifufua nyimbo kama kumi kati ya zile 140. Kumi zinanitosha. Nyingine nimeziacha zipumzike, na chache najua hazitarudi. Zilikuwa nyepesi, zilifanya kazi yake nikiwa na miaka kumi na saba, na miaka kumi na saba haipo tena.

Muziki mpya nao husaidia, ila si kwa njia niliyodhani. Nilipotafuta nyimbo zinazofanana na nilizozipenda, nilipata vivuli. Zilizonishika ni zile za mbali kabisa na mazoea yangu, katika lugha nisiyoielewa hata neno, ambako sikuwa na cha kulinganisha.

Sasa lile la tatu, ganzi. Hapa niache utani. Kama kilichopoa ni muziki peke yake, huku bado unafurahia mazungumzo, mchezo, usingizi na watu wako, mambo si mabaya. Lakini kama kila kitu kimepoa, kama kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku huoni raha ya chochote, usingizi umeharibika na hata marafiki unawakwepa, hiyo inaweza kuwa sonona. Kupoteza hamu ya vitu ulivyovipenda ni mojawapo ya dalili zake kuu mbili, nyingine ikiwa huzuni isiyoondoka. Nenda kwa daktari, usiende kwenye orodha ya nyimbo. Na kama kwa kutibiwa umeanza dawa, kisha ukaona hisia zako zote zimekuwa bapa, za raha na za uchungu pia, mwambie aliyekuandikia. Hilo hutokea kwa baadhi ya dawa za sonona na linaweza kurekebishwa. Usiziache mwenyewe.

Na pima masikio. Mimi nilipima kwa sababu mdogo wangu alinichosha kwa kunisema, nikakuta sauti nyembamba za juu zimepungua upande wa kushoto. Si sana. Lakini matoazi, pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza, mkwaruzo wa kidole kwenye uzi wa gitaa, vyote hivyo hukaa huko juu, na ndivyo vinavyoufanya wimbo uonekane upo chumbani nawe. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 unaweza kuzisikiliza salama hadi saa 40 kwa wiki, na ukipanda hadi 90 zinabaki saa nne tu. Nne kwa wiki! Mimi nilikuwa nazimaliza kabla ya chakula cha mchana cha siku ya kwanza. Kilichopotea hakirudi, kwa hiyo teremsha sauti sasa.

Kuna jambo moja limebaki, nalo ndilo lililonichukua muda mrefu kulikubali. Nyimbo nyingi kati ya zile nilikuwa sizisikilizi peke yangu. Nilikuwa na rafiki. Tulibadilishana kanda, tukaandika maneno ya nyimbo kwenye daftari moja, tukabishana mpaka usiku mstari ule unasema nini. Urafiki wetu haukufa kwa ugomvi. Ulikufa kwa kazi, kuhama, na "nitakupigia." Katika zile siku kumi na moja za kimya nilitambua kwamba kila nilipoweka wimbo wa enzi zile, nilikuwa nangoja mtu aseme, "Subiri, subiri, hapa hapa, sikiliza," na hakuna aliyesema. Nusu ya wimbo alikuwa nayo yeye. Kama wimbo wako umepoa, jiulize kwanza ulikuwa unausikiliza na nani.

Nikamwandikia. Nilifuta mara nne kabla ya kutuma. Alijibu baada ya siku tisa, nami nilikuwa nimeshakata tamaa. Akasema siku hizi hasikilizi chochote. Ana watoto mapacha wa mwaka mmoja na anachokitamani duniani ni ukimya. Mazungumzo yakaelekea kuishia hapo. Kisha akauliza, kana kwamba tuliachana jana: lile gitaa la solo, si linaingia baada ya ubeti wa pili?

Nikamwambia hapana, baada ya wa tatu, tulishalimaliza hilo zamani. Akasema hatukulimaliza, mimi ndiye niliyenyamaza. Ikabidi kila mmoja kwake auweke wimbo, tukiwa kwenye simu, tukihesabu kwa sauti. Tulikuwa tumekosea wote wawili.