Aspirini ya kila siku kwa mzee asiye na ugonjwa wa moyo

Dada, umeuliza kama aspirini ya kila siku inamsaidia mama yako wa miaka 74. Hapana. Kama hajawahi kupata kiharusi wala mshtuko wa moyo, hiyo aspirini "ya kulinda moyo" haina faida ya maana kwake. Utafiti wa ASPREE uliotoka 2018 ulifuatilia wazee 19,114 wa Australia na Marekani kwa karibu miaka 5, nusu wakimeza aspirini ya miligramu 100, nusu kidonge kisicho na dawa. Magonjwa ya moyo na kiharusi hayakupungua vya kutosha, ila waliotokwa damu vibaya walikuwa asilimia 3.8 upande wa aspirini dhidi ya 2.8.

Nauza dawa hapa Majengo, Moshi. Kinachonitisha zaidi ni mzee anayechukua junia (aspirini ya dozi ndogo) pamoja na diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti, na tumboni ana chai ya rangi tu. Hapo vidonda vya tumbo vinaitwa kabisa.

Aliyewahi kupata kiharusi, au kuwekewa stenti (kibomba kidogo cha kufungua mshipa wa moyo), hayumo humu, huyo asiache. Na mama yako naye amwone daktari kabla ya kuacha, aende na vidonge vyake vyote kwenye mfuko, hata vile vya kuazima kwa jirani.