Jibu: Bibi yuko makao ya wazee, hataki kula

Pole sana ndugu yangu. Umesema bibi ana miezi 4 pale makaoni, siku hizi anasukuma sahani, hapigi soga na wenzake, na wahudumu wanakwambia ni uzee tu. Mimi ningeanza na mdomo. Nimehudumia wazee miaka kadhaa. Mara nyingi anayeitwa mkaidi ana meno ya bandia yanayomchoma.

Ukienda kumwona, beba tochi. Mwombe ayatoe, uangalie ufizi: wekundu, kidonda, utando mweupe. Yasuguliwe kila siku kwa brashi laini na sabuni ya vyombo. Dawa ya meno huyakwaruza, maji ya moto huyapinda. Usiku yalale kwenye kikombe cha maji baridi, siyo mdomoni. Mzee mmoja nilimkuta hajayavua wiki nzima, punje za wali zimeganda chini yake. Halafu tunashangaa hali chakula!

Ulizia pia dawa zake. Baadhi ya zile za presha na za usingizi hukausha mdomo. Usimwachishe mwenyewe, zungumza na daktari. Kwa sasa apewe funda la maji mara kwa mara, akiwa ameketi wima.

Kidonda kisichopona wiki 2, uvimbe, au homa na kikohozi, usingoje, mpeleke hospitali. Uchafu wa mdomoni ukishuka mapafuni huleta nimonia.