Kitovu: ni kile kishimo cha tumboni au ule uzi wa mtoto mchanga?

Mkuu, umeuliza kitovu hasa ni kipi, kishimo cha tumboni au uzi anaokatwa mtoto akizaliwa, na neno lina asili gani. Ni vyote viwili, na hapo ndipo wazazi wengi hupotezana na wahudumu kliniki.

Neno ni la Kibantu, ngeli ya ki-vi. Mkunga akisema "kitovu kimedondoka" anataja uzi. Daktari akiuliza kama maumivu yalianzia kitovuni anataja kile kishimo, yaani kovu linaloachwa na uzi. Vitabu vya baiolojia huuita uzi kiungamwana, jina zuri kwa kuwa linataja kazi yake, ila wodini halijashika.

Maana za mbali nazo zimegawanyika. "Hapa ndipo kilipozikwa kitovu changu" imetokana na uzi, maana kovu halizikwi. Hapo ndipo kitovu kinapomaanisha mahali mtu alikotoka. "Kitovu cha biashara" imetokana na kovu, kwa kuwa liko katikati ya tumbo. Wagiriki walipita njia hiyohiyo: omphalos lilikuwa kitovu cha mwili na pia jiwe la Delphi, mahali pao patakatifu walipohesabu kuwa katikati ya dunia. Kilatini ni umbilicus. Ukiona omphalitis kwenye cheti, ni shina hilo la Kigiriki: uambukizo wa kitovu.

Uzi wa mimba iliyotimia huwa na urefu wa sentimita 50 hadi 60 hivi, nao hubeba mishipa ya damu, ateri mbili na vena moja, ndani ya ute mzito. Wengi hukosea hapa: damu yenye oksijeni hupita kwenye vena kwenda kwa mtoto, na ateri hurudisha iliyotumika kwenye kondo la nyuma. Baada ya kuzaliwa, sehemu ya vena iliyobaki tumboni hugeuka kano inayofika kwenye ini.

Kipande kilichobaki hudondoka chenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi mbili. Kiache kikavu, kunja nepi chini yake, usikivute. Majivu, samadi au udongo huleta pepopunda, kwa sababu mbegu za bakteria wake hukaa humo. Wekundu unaosambaa kwenye ngozi, usaha au harufu mbaya ni wa kwenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa ile mishipa ni njia ya wadudu kuingia kwenye damu. Maji yanayoendelea kutoka baada ya uzi kudondoka yaonyeshwe pia: huenda ni kinyama chekundu kinachotibika kirahisi, au, kwa nadra, mkojo, pale njia ya kibofu iliyopaswa kuziba tumboni mwa mama imebaki wazi.

Ngiri ya kitovu ni jambo jingine. Misuli haijafunga vizuri, uvimbe unatokeza mtoto akilia. Nyingi hujifunga kabla ya miaka mitano. Kubandika sarafu hakusaidii na huchubua ngozi. Uvimbe ukiwa mgumu, unauma, haurudi ndani na mtoto anatapika, usingoje asubuhi.