Wamarekani wana majaji tisa, baba mdogo anasubiri watatu

SWALI: Ugonile dada, naandika toka Tukuyu. Juzi pale stendi tulibishana karibu nusu siku, mwenzetu mmoja anasema Marekani rais akishindwa kesi anaongeza tu majaji kwenye mahakama ya juu mpaka ashinde, mi nikamkatalia. Halafu baba mdogo, ambaye ana rufaa ya shamba la migomba na anasubiri majaji waje Mbeya, akauliza kwani na sisi tukiongeza si ndo vizuri? Nani yuko sahihi hapo?

JIBU: Ndaga fijo kaka. Mwenzenu hajakosea sana ila kaipeleka mbali. Kwanza magazeti yakiandika "Mahakama Kuu ya Marekani" watu wanadhani ni kama Mahakama Kuu yetu, kumbe hiyo ya kwao ndo ya mwisho kabisa, inayolingana nayo hapa kwetu ni Mahakama ya Rufani. Katiba yao haijataja idadi ya majaji, wameachia sheria ya bunge ipange, wakaanza na 6 mwaka 1789, wakafika 10 mwaka 1863 vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, na tangu 1869 wamebaki 9 mpaka leo. Kwa hiyo rais peke yake hawezi, lazima bunge lipitishe sheria, halafu kila anayemteua aende kuthibitishwa na Seneti, lile baraza la juu la bunge lao.

Aliyejaribu kweli ni rais wao Franklin Roosevelt mwaka 1937. Mahakama ilikuwa inazifuta sheria zake za kuinua uchumi, akasema majaji wamezeeka, kila aliyevuka miaka 70 na hataki kustaafu basi aongezewe mwenzie, hadi 6, maana yake wafike 15. Chama chake kilikuwa na viti vingi mno bungeni na bado hoja ikafia Seneti, watu wa chama chake mwenyewe waliikataa! Wale maseneta nawaheshimu mpaka leo. Mwaka 2021 wabunge wa Democratic wakaleta muswada wa kufika 13, nao haukupita.

Sasa kwa nini kwao ni ishu nzito hivyo? Wale 9 wanakaa wote kwenye kesi moja, na wanakaa humo maisha yao yote. Watano wakiwa huku na wanne kule, ukiingiza wawili wa kwako hukumu inageuka. Kwetu haiendi hivyo, rufaa ya kawaida inasikilizwa na jopo la majaji watatu, wengine wako kwenye majopo mengine, na jaji wa Rufani anastaafu akifika 65. Ukiongeza majaji unapata majopo mengi kwa wakati mmoja, moja Mbeya, lingine Mwanza, na foleni inapungua. Kwa hiyo baba mdogo yuko sahihi.

Niliwahi kusimama pale mahakamani Mbeya asubuhi ya Julai, baridi ile ya kung'ata, mzee mmoja kavaa koti juu ya koti, kashika bahasha ya kaki iliyochakaa mpaka kona zimekuwa laini kama kitambaa, anashusha kidole taratibu kwenye orodha ya kesi ubaoni, kufika kwenye jina lake akarudia kulisoma mara tatu kisha ndo akakaa. Huyo ndo namuwaza nikisikia habari ya kuongeza majaji.

Ila kuna kitu kinanikosesha raha. Ibara ya 118 ya katiba yetu inasema Jaji Mkuu na majaji wengine wa Rufani wasiopungua wanne, imeweka chini haikuweka juu, na anayeteua ni rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Wakenya wao, kwa Mahakama yao ya Juu, wameandika 7 kwenye katiba yenyewe ya 2010, kuongeza hata mmoja mpaka waiguse katiba. Mi nataka waongezwe, tena wengi, ila kila wakiongezwa tuambiwe ni kwa sababu ya kesi ngapi zinazosubiri.

Baba mdogo mwambie aache masjala namba ya simu inayopatikana, maana wito ukitoka na siku ya rufaa yake ikafika hayupo, majaji wanaweza kuitupa.