Ukienda Alexandria, anza na ramani

Wasafiri wengi kutoka kwetu wanaokwenda Misri huupangia mji wa Alexandria siku moja tu. Huondoka Cairo alfajiri kwa gari la watalii, huzungushwa sehemu nne au tano, hula samaki mchana, kisha hurudishwa usiku wakiwa hoi, simu zao zikiwa zimejaa picha za kuta ambazo hawakumbuki ni za nini. Mimi siwashauri wafanye hivyo. Nimeutembelea mji huu wakati wa joto na wakati wa baridi, nimewasaidia jamaa na marafiki kupanga safari zao za huko, na ninaamini kwamba sehemu kubwa ya raha ya Alexandria huamuliwa nyumbani, mbele ya ramani, kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Chanzo cha yote ni umbo la mji. Alexandria imebanwa kati ya Bahari ya Mediterania upande wa kaskazini na ziwa Mariout upande wa kusini, kwa hiyo badala ya kutanuka pande zote imerefuka kufuata ufuko. Barabara ya pwani, ambayo wenyeji wanaiita Corniche, inakwenda karibu kilomita 20 kutoka Ngome ya Qaitbay upande wa magharibi hadi bustani za Montaza upande wa mashariki, na jioni magari hujazana kiasi kwamba safari ya robo saa inaweza kula saa nzima. Anayechukua orodha ya vivutio kwenye mtandao na kuvifuata kwa mpangilio wa umaarufu wake atajikuta akienda na kurudi katika barabara hiyohiyo mchana kutwa. Chora mistari miwili kwenye ramani, ugawe mji vipande vitatu, na kila siku ubaki katika kipande kimoja.

Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba mji wa kale haupo juu ya ardhi. Alexander wa Makedonia aliuanzisha mwaka 331 KK, lakini mnara wa taa wa Pharos, uliohesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia, uliangushwa na matetemeko ya ardhi, na kufikia karne ya 14 ulikuwa umebaki magofu. Maktaba ya kale haikuacha hata ukuta mmoja wa kupigia picha, na sehemu ya majumba ya kifalme imezama katika bandari ya mashariki. Anayetarajia kuona mambo makubwa kama piramidi za Giza atavunjika moyo. Anayesoma kidogo kabla ya kwenda, hata kurasa ishirini tu, ataona mengi ambayo mwenzake atayapita bila kuyatupia jicho.

Kwa sababu hiyo ninapendelea siku ya kwanza ianzie katika Makumbusho ya Kigiriki na Kirumi, katikati ya mji. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1892, ikafungwa mwaka 2005 kwa matengenezo yaliyochukua miaka mingi, ikafunguliwa tena Oktoba 2023, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu inayolipa zaidi kiingilio chake katika mji wote. Humo yumo fahali Apis wa jiwe jeusi, aliyechongwa wakati wa Kaisari Hadrian na kufukuliwa katika eneo la hekalu la mungu Serapis. Ukimwona fahali huyo asubuhi, kisha kesho yake ukasimama mahali alipofukuliwa, uwanja ule mtupu hupata maana. Ukigeuza mpangilio, utasimama uwanjani ukijiuliza umefuata nini.

Kutoka makumbusho hayo hadi Kom el-Dikka, karibu na kituo cha treni, ni mwendo mfupi wa miguu. Wataalamu wa mambo ya kale kutoka Poland walianza kupachimbua katika miaka ya 1960, na wageni wote hukimbilia ukumbi wa duara wenye viti vya marumaru. Ni mzuri, sikatai, lakini mimi huvutiwa zaidi na vyumba vidogo vilivyo kando yake, vyenye mabenchi ya mawe yaliyozunguka kiti cha mwalimu, ambamo vijana walikuwa wakisomeshwa yapata miaka 1,500 iliyopita. Humohumo ndani ya uzio iko nyumba yenye sakafu ya vijiwe vya rangi iliyopambwa kwa picha za ndege. Uliza mlangoni kama kiingilio chake kiko ndani ya tiketi yako au kinalipiwa peke yake.

Kipande cha pili ni Karmouz, mtaa wa watu wa kawaida upande wa kusini magharibi, ambako pana hekalu la Serapis na makaburi ya Kom el-Shoqafa, na kutoka moja hadi jingine unaweza kutembea. Katika uwanja wa hekalu, lililobomolewa mwaka 391 BK, imebaki nguzo moja ya mawe mekundu ya Aswan yenye urefu wa karibu mita 27. Watu huiita Nguzo ya Pompey ingawa ilisimamishwa kwa heshima ya Kaisari Diocletian. Makaburi ya Kom el-Shoqafa, ambayo inasimuliwa kwamba yaligunduliwa mwaka 1900 baada ya punda kutumbukia shimoni, yanashuka chini ya ardhi kwa ngazi zinazozunguka kisima kipana ambamo maiti walikuwa wakiteremshwa kwa kamba. Usipite haraka chumba kikuu. Mlangoni mwake amechongwa Anubis, mungu wa Wamisri mwenye kichwa cha mbweha, akiwa amevalia mavazi ya askari wa Kirumi. Sijaona mahali pengine panapoonyesha kwa mkato namna hii jinsi Wamisri, Wagiriki na Warumi walivyochanganyika katika mji mmoja. Chini kuna unyevu na ngazi huteleza, kwa hiyo vaa viatu vya mpira. Mwenye maradhi ya magoti na abaki juu bila kuona haya.

Kipande cha tatu, yaani Ngome ya Qaitbay na mitaa ya Anfushi, ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho watalii wa siku moja wanachokiharibu, kwa kuwa hufikishwa ngomeni, hupiga picha na kuondoka. Sultani Qaitbay aliijenga ngome hiyo kuanzia mwaka 1477 mahali pale paliposimama mnara wa Pharos, na inaaminika kwamba baadhi ya mawe ya mnara yalitumika katika kuta zake. Nenda mapema asubuhi, na uepuke Ijumaa, ambapo familia nzima za mjini huja kupunga upepo. Ukitoka, rudi kwa miguu kuelekea mjini kupitia soko la samaki na mafundi wanaounda mashua za mbao. Usipige picha za bandari ya kijeshi wala za Ras el-Tin, kasri ambamo Mfalme Farouk alitia saini ya kuacha ufalme tarehe 26 Julai 1952. Hilo haliko wazi kwa wageni, na askari walio jirani hawana mzaha na kamera.

Njia hiyo itakufikisha kwenye msikiti wa Abu al-Abbas al-Mursi, na hapa msomaji wa pwani yetu ana jambo la ziada la kutazama. Sheikh huyo, mzaliwa wa Murcia katika Andalusia, alimrithi Sheikh Abu al-Hasan al-Shadhili, ambaye tarika yake ina wafuasi hadi leo Unguja na Ngazija. Katika uwanja huohuo, upande wa pili, upo msikiti wa mwanafunzi wake, al-Busiri, mtunzi wa kasida ya Burda inayosomwa Lamu, Mombasa na Unguja katika maulidi na shughuli nyinginezo, na beti za kasida hiyo zimeandikwa katika kuta za msikiti. Waongoza watalii hawapataji mahali hapa kwa sababu wageni wao wengi hawana habari napo; itakubidi upaombe mwenyewe. Wanawake wana mlango wao, na mavazi ya heshima yanatakiwa kwa wote.

Maktaba mpya, iliyofunguliwa mwaka 2002 katika mtaa wa Shatby, inaweza kuunganishwa na siku yoyote kati ya hizi kwa sababu iko kwenye Corniche, si mbali na katikati ya mji. Ukuta wake wa nje wa mawe ya Aswan umechongwa herufi za hati 120 za dunia. Angalia saa zake za Ijumaa na Jumamosi kabla ya kwenda, kwani hutofautiana na siku nyingine. Montaza ni bustani na ufuko tu; ukiwa na watoto wape siku nzima, na kama huna, usijisumbue.

Kuhusu majira, sina shaka hata kidogo. Julai na Agosti shule zimefungwa, Wamisri wenyewe wanakimbia joto la Cairo, bei za hoteli hupanda na fukwe hujaa hadi mchanga hauonekani. Kuanzia Novemba huja dhoruba za baharini ambazo wavuvi wamezipa majina na nyakati zake, kama Maknasa ya katikati ya Novemba na Qasim ya mwanzoni mwa Desemba; mawimbi huruka ukuta na kumwagika barabarani. Januari usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 9, na hoteli nyingi za bei nafuu hazina vipasha joto, kwa hiyo aliyezoea Dar es Salaam atalala na koti. Mwisho wa Septemba hadi mwanzo wa Novemba bahari ingali na joto na watu wamepungua. Huo ndio wakati wangu. Aprili pia ni nzuri, ila upepo wa vumbi wa khamasin unaweza kukuharibia siku mbili tatu. Ramadhani ina uzuri wake usiku, lakini sehemu za kale hufungwa mapema zaidi kuliko kawaida, na hata katika miezi mingine usitegemee kuingia baada ya alasiri.

Fuatilia masharti ya viza kwa pasipoti yako katika ubalozi wa Misri kabla ya kulipia chochote, na ubebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ukishatua Cairo, treni kutoka kituo cha Ramses ndiyo njia iliyo bora. Hukata zile kilomita 200 na ushei kwa muda wa saa mbili na nusu hadi tatu. Kumbuka kwamba Alexandria ina vituo viwili vikubwa: treni husimama kwanza Sidi Gaber, kisha huishia kituo cha Misr, na anayelala katikati ya mji asiteremke na umati wa kituo cha kwanza. Namba za mabehewa na viti mara nyingi huandikwa kwa tarakimu za Kiarabu. Aliyepita madrasa anazijua. Asiyezijua azikariri, kwani zitamsaidia pia kusoma bei sokoni.

Mahali pa kulala, tafuta karibu na Mahattat al-Raml na uwanja wa Saad Zaghloul, ambako makumbusho, migahawa na usafiri viko jirani. Chumba kinachotazama bahari kina mandhari nzuri pamoja na honi hadi usiku wa manane. Mwenye usingizi mwepesi na aombe cha nyuma. Kwa mizunguko ya mjini kuna teksi nyeusi na njano, ambazo ni lazima mpatane nauli kabla ya kupanda, kuna teksi za kuitwa kwa simu, na kuna vibasi vya Corniche ambavyo mtu wa daladala hatahitaji kufundishwa kuvipanda. Tramu ya kale ya Raml ina mradi wa kujengwa upya, kwa hiyo ulizia hotelini kabla ya kuitegemea. Sehemu nyingi za kale sasa hupokea malipo ya kadi ya benki badala ya fedha taslimu, na mwanafunzi mwenye kitambulisho hulipa nusu.

Chakula kinastahili bajeti yake. Katika mikahawa ya samaki ya Anfushi unachagua samaki mwenyewe akiwa juu ya barafu, anapimwa, kisha unasema unavyomtaka. Uliza bei ya kilo na kama kupika kumo ndani ya bei hiyo kabla hajaondolewa kwenye mizani. Agiza na sayadia, wali uliopikwa na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikageuka rangi ya kahawia. Kwa asubuhi, maharage ya ful na mkate yanashibisha hadi alasiri, na jioni mikate ya ini lililokaangwa kwa vitunguu saumu na pilipili mbichi ni bei ya chini na haina mpinzani.

Ukibakiwa na siku, usiimalizie madukani. Nenda Rashid, kilomita zipatazo 65 upande wa mashariki, mji wa nyumba ndefu za matofali za wakati wa Waturuki, ambako mwaka 1799 lilipatikana jiwe lililowawezesha wataalamu kuyasoma maandishi ya Mafirauni. Tawi la magharibi la mto Nile huingia baharini karibu na hapo, na kwa msomaji wa Jinja, Mwanza au Kisumu hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya safari. Vibasi viko, lakini kwa watu watatu au wanne gari la kukodi pamoja na dereva ni nafuu zaidi. Patana naye bei ya siku nzima, ikiwemo saa za kusubiri na safari ya hadi mdomo wa mto, kwa sababu asipoambiwa mapema atakuishia mjini.