Daftari la maabara la kielektroniki: maswali na majibu

Swali: Naandika majaribio yangu kwenye Word na kuyahifadhi mtandaoni. Bado nahitaji daftari la kielektroniki?

Unalihitaji, na naomba swali hili lisirudi tena. Kwenye karatasi, kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili lililoandikwa lizidi kusomeka, kisha mwandishi hutia sahihi na tarehe. Faili la Word hufutwa likaandikwa upya, na mwaka ujao huna cha kuthibitisha ulichokiona siku ile. Daftari la kielektroniki hutunza historia ya kila badiliko: nani, lini, na awali palisomekaje.

Swali: Sahihi ya kielektroniki inatambulika?

Kwa kumbukumbu zinazosimamiwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ndiyo, tangu 1997, kwa kanuni ya 21 CFR Part 11. Sharti mojawapo ni kila sahihi iwe ya mtu mmoja tu. Maabara inayotumia nywila moja kwa watu wote haina sahihi hata moja.

Swali: Programu ipi ni bora?

Mnauliza jinsi ya kuingia, hamuulizi jinsi ya kutoka. Kampuni hufungwa, bei hupanda, nanyi mmebaki na miaka kumi ya data msiyoweza kuihamisha. PDF haitoshi, inasomeka kwa macho, lakini vipimo vyenyewe vimeganda humo. eLabFTW, programu huria iliyoanzia kituo cha utafiti cha Institut Curie mjini Paris, hutoa majaribio katika faili la .eln, ambalo kimsingi ni zip (mafaili yaliyofungwa pamoja) yenye data pamoja na maelezo yake. Kabla ya kulipia programu yoyote, ingiza jaribio moja lenye picha na jedwali, litoe, ulifungue kwenye kompyuta isiyo na programu hiyo. Likikushinda, usinunue.

Swali: Tukishaskani madaftari ya zamani, tuyatupe?

Msiyatupe. Ya Marie Curie, mwanasayansi aliyechunguza mionzi, yana mionzi mpaka leo, na yangali yanatunzwa.

Swali: Nikiwa na glavu zenye kemikali siwezi kugusa kishikwambi. Nikiandika kazi ya wiki nzima kila Ijumaa?

Hapana! Ijumaa utaandika unachodhani kilitokea Jumatatu. Andika kwenye karatasi pale pale mezani, vua glavu, piga picha ya karatasi hiyo uiambatishe saa ile ile. Usiinakili kwa mwandiko safi. Namba hupotea hapo.