Swali: Je, Geronimo alikuwa chifu wa Waapache wote, wale wenyeji asilia wa Marekani?
Hapana, mkuu wangu, hata wa kundi lake hakuwa chifu. Alikuwa mpiganaji na mganga wa Wabedonkohe, tawi dogo la Wachiricahua. Waapache hawakuwa na mtawala mmoja: Wajicarilla, Wamescalero, Walipan, kila watu na viongozi wao. Hao Wamescalero walipewa jina na Wahispania kwa sababu ya meskali, mmea ambao moyo wake waliufukia kwenye shimo lenye mawe ya moto mpaka uive, uwe mtamu. Kinachoniuma ni hiki: Geronimo aliposalimu amri 1886, hata Wachiricahua waliolisaidia jeshi la Marekani kumsaka walipakiwa kwenye treni, wakafungwa Florida. Wachiricahua walibaki wafungwa wa vita miaka 27!